Umeme wa uhakika, nafuu na usio na moshi: chanzo kipi kwa saa ipi?

Mjadala wa umeme huharibika mapema. Mmoja anataja bei ya uniti ya sola, kwamba hakuna kinachoishinda, na anasema kweli. Mwenzake anajibu kwamba sola haiwashi taa usiku, naye anasema kweli. Hapo kila mtu anashika njia yake. Kwa maoni yangu, kosa liko kwenye kipimo wanachotumia wote wawili. Uniti ya saa sita mchana na uniti ya saa moja jioni ni bidhaa mbili tofauti, hata kama mita inazihesabu kwa namna ileile.

Ndiyo maana ulinganisho huu unaanzia kwenye saa ngumu: ile saa ambayo kila mtu anataka umeme kwa wakati mmoja, huku mitambo ikiwa kwenye hali mbaya kuliko siku zote. Kwa baadhi ya nchi ni jioni ya joto kali. Kwa nyingine ni alfajiri ya baridi, au mwezi wa mwisho wa ukame. Chanzo kinachoonekana ghali mwaka mzima kinaweza kuwa mkombozi katika saa hiyo, na kile kilichosifiwa kwa bei kikakosekana kabisa.

Na saa hiyo inazidi kuwa ngumu. Shirika la Kimataifa la Nishati, IEA, lilikadiria kwamba vituo vya data peke yake vilitumia takriban terawati-saa 415 (terawati-saa moja ni uniti bilioni moja) mwaka 2024, kama asilimia 1.5 ya umeme wote duniani, na kwamba vitafikia takriban 945 ifikapo 2030. Ongeza viyoyozi, magari ya umeme, na viwanda vinavyohama kutoka kwenye mafuta. Ongeza watu karibu milioni 700 ambao hawajafikiwa na umeme hata kidogo, na ambao kwangu wanastahili kutangulia mbele ya kompyuta yoyote. Wakati huohuo kuna Mkataba wa Paris wa 2015 wa kudhibiti ongezeko la joto duniani, na makubaliano ya Dubai ya 2023 ambapo nchi ziliazimia kufanya kazi pamoja ili uwezo wa nishati jadidifu, ile isiyoisha kama jua, upepo na maji, duniani uongezeke mara 3 ifikapo 2030. Umeme uongezeke, moshi upungue, na bili isimshinde mwenye nyumba. Mambo hayo 3 huvutana.

Gridi inavyokaribia kufa

Kwenye gridi, yaani mtandao wa mitambo na nyaya unaosambaza umeme, umeme unaozalishwa lazima ulingane na unaotumika, sekunde kwa sekunde. Mwendeshaji wa gridi anaufahamu ulinganifu huo kwa namba moja iliyo mbele yake kwenye skrini: mapigo ya mkondo kwa sekunde. Nchi nyingi hutumia mapigo 50, Marekani 60. Matumizi yakizidi uzalishaji, mitambo inalemewa, inapunguza kasi, na namba inashuka.

Usiku wa tarehe 15 Februari 2021, jimboni Texas, baridi ilikuwa imegandisha vali, mabomba na vipimo vya mitambo, hasa ya gesi. Kati ya saa saba na saa nane usiku namba ikashuka chini ya 59.4. Kwa kanuni za gridi ile, ikikaa chini ya hapo kwa dakika 9 mitambo huanza kujitoa yenyewe ili isivunjike, na jimbo zima huzimika. Kuiwasha upya gridi iliyozimika kabisa kunaweza kuchukua wiki. Ilikaa dakika 4 na sekunde 23. Waendeshaji waliiokoa kwa kukata umeme wa mamilioni ya nyumba katikati ya baridi ile. Serikali ya jimbo baadaye ilihesabu vifo 246 vilivyohusiana na dhoruba hiyo.

Kuna jambo moja katika kisa hicho ambalo bado linanisumbua. Baadhi ya maeneo yaliyokatiwa umeme yalikuwa na visima na pampu za gesi. Pampu zikasimama, gesi ikapungua, mitambo ya umeme ikakosa gesi, umeme ukazidi kukatwa. Visima hivyo havikuwa vimeandikishwa kama mahali pasipokatiwa umeme. Fomu haikujazwa.

Basi tuanze kulinganisha, tukiwa na usiku ule akilini.

Makaa ya mawe na gesi

Wengi huviweka kapu moja kwa sababu vyote ni mafuta ya kisukuku. Kwa mwendeshaji wa gridi vina tabia mbili tofauti.

Mtambo wa makaa ni mzito kuamka. Ukiwa umepoa unahitaji saa nyingi kupata mvuke wa kutosha. Faida yake ni kwamba makaa hulundikwa uani, akiba ya wiki kadhaa ionekane kwa macho. Mtambo mdogo wa gesi, ule usiotumia mvuke, huwaka ndani ya dakika kumi hivi, na huo ndio huitwa jioni mambo yanapobana. Mtambo mkubwa wa gesi unaotumia tena joto lake kuzungusha turbini ya pili hugeuza karibu asilimia 60 ya nishati ya gesi kuwa umeme. Mitambo mingi ya makaa haifiki 40.

Kwa upande wa hewa, jopo la wanasayansi wa tabianchi la Umoja wa Mataifa, IPCC, lilitoa makadirio ya kati mwaka 2014 kwa maisha yote ya mtambo, kuanzia uchimbaji hadi kubomolewa: makaa gramu 820 za kaboni kwa uniti, gesi 490. Gesi inaonekana nusu ya ubaya. Lakini methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi hiyo, ikivuja kwenye visima na mabomba hupasha joto dunia zaidi ya mara 80 kuliko kaboni ya uzito uleule, ukipima kwa miaka 20. Nchi yenye mabomba yanayovuja haijapiga hatua kubwa kama inavyodhani.

Kisha kuna bei. Sehemu kubwa ya gharama ya umeme wa gesi ni gesi yenyewe, kwa hiyo anayeinunua kutoka nje amefunga bili za wananchi wake kwenye siasa za wengine. Ulaya ililiona hilo mwaka 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine. Katika masoko mengi ya umeme ya huko, bei ya saa fulani hupangwa na mtambo wa mwisho kuitwa, yaani ule ghali zaidi uliohitajika saa hiyo. Mara nyingi ni wa gesi. Gesi ilipopanda, hata umeme wa maji na wa upepo, ambao gharama yake haikubadilika, uliuzwa kwa bei ya gesi.

Kati ya viwili hivi, sioni tena sababu ya kujenga mtambo mpya wa makaa: unachafua hewa ya watu wanaouzunguka, na haufai kwa kazi ya kuwashwa na kuzimwa kufuata jua. Mtambo wa gesi uliokwishajengwa na unaowaka saa chache kwa mwaka ni jambo lingine. Huo nauona kama bima.

Nyuklia: Ufaransa, na mahali pengine

Gramu 12 kwa uniti. Kinu hufanya kazi usiku na mchana, masika na kiangazi, kwa takriban asilimia 90 ya muda kikitunzwa vizuri. Ufaransa hupata karibu theluthi mbili ya umeme wake huko na kwa miaka mingi imekuwa ikiwauzia majirani. Kwa saa ngumu ya baridi usiku, hakuna chanzo kisicho na moshi kinachokipita, ukiondoa bwawa lililojaa.

Tatizo la nyuklia ni kujenga. Kinu cha 3 cha Olkiluoto, Finland, kilianza kujengwa mwaka 2005 kikitarajiwa 2009. Kilianza kazi rasmi 2023. Flamanville 3 ya Ufaransa yenyewe, nchi ya mabingwa, ilianza 2007 ikaunganishwa na gridi Desemba 2024. Vinu viwili vipya vya Vogtle, Marekani, vilikadiriwa dola bilioni 14 na vikaishia zaidi ya 30. Ukitazama visa hivi peke yake utakata tamaa. Lakini huko Barakah, Falme za Kiarabu, vinu 4 vya aina moja vilijengwa na Wakorea mfululizo: ujenzi ulianza 2012, cha kwanza kikaunganishwa na gridi 2020, cha nne 2024. Tofauti ninayoiona ni kurudia. Anayejenga kinu kimoja cha aina mpya baada ya miaka 20 ya kukaa bila kujenga analipia elimu ya mafundi wote upya.

Hata Ufaransa ilionja shida. Mwaka 2022 nyufa za kutu ziligunduliwa kwenye mabomba ya vinu kadhaa, na vingine vilikuwa kwenye matengenezo yaliyocheleweshwa na janga la korona. Kuna wakati karibu nusu ya vinu vyake 56 vilikuwa vimezimwa, na mwaka huo nchi ikanunua umeme mwingi zaidi nje kuliko ilivyouza, kwa mara ya kwanza baada ya miongo minne. Kutegemea chanzo kimoja kuna hatari yake, hata chanzo kikiwa bora.

Maji, na jotoardhi kwa ufupi

Bwawa lililojaa ndilo chombo bora kuliko vyote kwa mwendeshaji wa gridi. Anafungua lango, maji yanazungusha turbini, umeme unapanda kwa dakika chache. Anafunga, akiba inabaki. Hakuna mafuta ya kununua. Gramu 24 kwa uniti.

Nimesema lililojaa. Zambia hupata zaidi ya asilimia 80 ya umeme wake kutoka kwenye maji, na ziwa la Kariba, ambalo inagawana na Zimbabwe, ndilo tegemeo kubwa. Ukame wa 2024 ulishusha ziwa hadi karibu na kiwango ambacho turbini haziwezi kuendeshwa. Familia zikakaa bila umeme saa nyingi zaidi ya zile za kuwa nao, siku baada ya siku. Kinyozi hana mashine, mwenye duka la samaki hana barafu, mama anaamka saa nane usiku kupiga pasi sare za shule kwa sababu ndipo umeme umerudi. Bei ya uniti kwenye karatasi bado ilikuwa ndogo.

Funzo la Kariba ni kwamba saa ngumu ya umeme wa maji huja mara moja katika miaka kadhaa na hudumu miezi. Betri ya saa 4 haisaidii hapo. Kinachosaidia ni chanzo kisichohusiana na mvua, na ukame kwa kawaida huja na jua tele. Paneli zikifanya kazi mchana, bwawa linafungwa mchana na kufunguliwa jioni, na kila uniti ya jua inakuwa maji yaliyobaki ziwani. Kwa nchi yenye mabwawa, hii ndiyo ndoa bora kuliko zote ninazozijua kwenye sekta hii. Mabwawa ni betri ambayo imekwisha kulipiwa.

Jotoardhi halichukui nafasi kubwa hapa kwa sababu nchi nyingi hazina. Wenye nalo, kama Iceland, na Kenya kwenye Bonde la Ufa, wana mvuke usiojali mvua, jua wala usiku. Gharama na hatari ziko mwanzoni: unaweza kuchimba kisima kirefu chini ya mwamba ukakikuta hakina mvuke wa kutosha. Serikali ikibeba hatari ya uchimbaji wa awali, mengine hufuata.

Jua, upepo na betri

Hapa ndipo mambo yamebadilika kwa kasi, na ndipo makosa mengi ya kulinganisha hufanyika.

Gharama ya umeme wa mashamba makubwa ya sola ilishuka kwa takriban asilimia 90 kati ya 2010 na mwanzo wa muongo huu. Bei ya betri za lithiamu ilishuka kwa kiwango kinachokaribia hicho kati ya 2010 na 2024. Shamba la sola hujengwa kwa miezi, wakati bwawa na kinu huhesabiwa kwa miaka. Gramu 48 kwa uniti kwa sola kubwa, 11 kwa upepo wa nchi kavu, kwa hesabu zilezile za IPCC, na tangu 2014 utengenezaji wa paneli umeboreka zaidi.

Sasa chukua mfano. Gridi inahitaji megawati 1,000 saa moja jioni. Mtu analeta shamba la sola la megawati 1,000 na kusema tatizo limekwisha. Shamba hilo, mahali penye jua zuri, litatoa wastani wa kama asilimia 20 ya uwezo wake kwa siku nzima, yaani megawati-saa 4,800. Saa sita mchana litakuwa juu kabisa. Saa moja jioni litatoa sifuri. Ukiliongezea betri ya megawati 250 inayodumu saa 4, umepata megawati 250 kuanzia saa moja hadi saa tano usiku, na hiyo ni robo ya mahitaji. Baada ya saa tano unahitaji kitu kingine mpaka asubuhi. Si hesabu ya kuikejeli sola. Ni hesabu ambayo kila mpango wa sola unapaswa kuionyesha ukurasa wa kwanza.

California iliipitia hesabu hii mbele ya dunia nzima. Tarehe 14 Agosti 2020, joto likiwa kali, umeme ulianza kukatwa kwa zamu majira ya saa kumi na mbili na nusu jioni. Saa ile si ya matumizi ya juu kabisa ya siku. Matumizi yalikuwa yamekwisha kuanza kushuka. Lakini sola ilikuwa ikishuka kwa kasi zaidi. Uchunguzi uliofuata ulisema wazi kwamba mipango ilikuwa imepimwa kwa kilele cha mchana, huku pengo lenyewe likiwa limehamia jioni.

Walichofanya baada ya hapo ni kununua betri kwa wingi. Kufikia 2024 jimbo lilikuwa na zaidi ya megawati 10,000 za betri, na katika jioni kadhaa za Aprili mwaka huo betri ndizo zilizokuwa chanzo kikubwa kuliko vingine vyote kwa muda, zikitoa jua la mchana. Miaka minne tu. Hakuna kinu wala bwawa ambalo lingejengwa kwa muda huo.

Betri ina sifa nyingine ambayo gesi haina. Ile ya Hornsdale, Australia Kusini, iliyowashwa mwishoni mwa 2017 ikiwa na megawati 100, huitikia kushuka kwa mapigo ya gridi ndani ya sehemu ya sekunde. Mtambo wa gesi unaowaka kwa dakika kumi hauko kwenye mchezo huo. Kwa hiyo, betri dhidi ya mtambo wa gesi wa dharura: kwa pengo la saa 4 za jioni, chagua betri. Kwa wiki nzima ya mawingu na utulivu wa upepo, hali ambayo Wajerumani wanaijua vizuri kila majira ya baridi, betri zitaisha siku ya kwanza, na hapo utahitaji maji, nyuklia, jirani mwenye umeme, au gesi ile niliyoiita bima.

Upepo niupe neno lake. Huvuma usiku pia, na katika nchi nyingi huwa mkali katika majira ambayo jua ni hafifu, kwa hiyo viwili hivi hufidiana. Denmark hupata zaidi ya nusu ya umeme wake kutoka kwenye upepo. Ila inafanya hivyo ikiwa imeunganishwa kwa nyaya nene na Norway yenye mabwawa, Sweden na Ujerumani. Kuiga Denmark bila majirani wa Denmark ni kununua nusu ya mpango.

Nyaya, ambazo hakuna anayezizindua kwa utepe

Ujerumani ina upepo kaskazini na viwanda vingi kusini. Njia ya umeme ya SuedLink, kama kilomita 700, ilikusudiwa kuwa tayari 2022 ili kuvifikisha viwili hivyo pamoja. Wakazi walipinga minara, ikaamuliwa nyaya zifukiwe ardhini, na sasa inatarajiwa 2028. Kwa miaka hiyo yote kuna siku mitambo ya upepo ya kaskazini hulipwa isimame, na mingine ya kusini, mara nyingi ya makaa au gesi, hulipwa iwake. Mteja analipa mara mbili. Wakati huo China ilishajenga njia moja ya volti milioni 1.1 yenye urefu wa zaidi ya kilomita 3,000.

Nyaya pia zinahitaji kulindwa. Septemba 2016 dhoruba iliangusha minara Australia Kusini na jimbo zima likazimika. Mitambo kadhaa ya upepo ilijitoa kwa sababu mipangilio ya programu zake haikuiruhusu kuvumilia mitikisiko mingi mfululizo. Mipangilio ilirekebishwa baadaye. Tarehe 28 Aprili 2025, saa sita na dakika 33 mchana, Hispania na Ureno zilizimika. Volti ilipanda kupita kiasi na mitambo ikajitoa mmoja baada ya mwingine kwa sekunde chache. Umeme ulikuwa mwingi siku ile. Kilichopungua ni vyombo vya kuituliza volti, kazi ambayo zamani ilifanywa kimyakimya na turbini nzito na ambayo sasa inabidi iagizwe na kulipiwa waziwazi.

Ukipewa bei ya sola au upepo, uliza kama nyaya na vyombo hivyo vimo ndani. Kwa kawaida havimo.

Riba

Hili halizungumzwi mitaani, lakini mara nyingi ndilo linaloamua. Umeme wa gesi unalipiwa polepole, kadiri unavyochoma. Umeme wa jua, upepo, maji na nyuklia unalipiwa karibu wote mwanzoni, kwa mkopo. Ukikopa 1,000 kwa miaka 25 kwa riba ya asilimia 5, unarudisha kama 71 kila mwaka. Kwa asilimia 12, unarudisha kama 127. Paneli ileile, jua lilelile, mafundi walewale, na umeme umekuwa ghali karibu mara 1.8. Nchi maskini hukopa kwa riba ya juu, kwa hiyo nchi zenye jua kali kuliko zote ndizo mara nyingi hupata umeme wa jua kwa bei isiyolingana na jua lao. Naliona hilo kuwa dhuluma, na kila mkutano wa tabianchi usiogusa riba unaligusa tatizo kwa ncha ya kidole.

Sera: kodi ya kaboni au ruzuku?

Uingereza iliweka bei ya chini ya kaboni mwaka 2013, juu ya soko la Ulaya la vibali vya kutoa kaboni lililokuwepo tangu 2005. Mwaka uliotangulia makaa yalikuwa yakitoa karibu asilimia 40 ya umeme wake. Mwaka 2020 yalikuwa chini ya asilimia 2, na tarehe 30 Septemba 2024 mtambo wa mwisho, Ratcliffe-on-Soar, ukazimwa, miaka 142 baada ya kituo cha kwanza cha makaa kufunguliwa London. Kodi ilifanya kazi kwa sababu kulikuwa na mitambo ya gesi tayari imesimama ikisubiri kuchukua nafasi, na upepo wa baharini ukiongezeka. Mahali pasipo na mbadala, kodi hiyohiyo inapandisha bili tu na makaa yanaendelea kuwaka.

Ujerumani ilichagua ruzuku: sheria ya mwaka 2000 ilimhakikishia mwenye sola au upepo bei maalumu kwa miaka 20. Ilisaidia kuipa dunia sola nafuu, na tunapaswa kuwashukuru. Lakini gharama ilipitishwa kwenye bili, ikafikia karibu senti 7 za yuro kwa uniti mwaka 2017, huku viwanda vikubwa vikipunguziwa. Mwenye paa alilipwa, mpangaji alilipa. Mwaka 2022 tozo hiyo ilitolewa kwenye bili na kuhamishiwa bajeti ya serikali.

Mfumo ninaoupendelea uko katikati: mnada, ambapo mzalishaji anaahidiwa bei maalumu, soko likishuka anafidiwa, likipanda anarudisha ziada. Uingereza inautumia, na bei zilipopaa, wazalishaji wenye mikataba hiyo walirudisha fedha. Unashusha riba kwa sababu mkopeshaji anajua mapato, na unamlinda mteja.

Mtumiaji naye ni mtambo

Tarehe 6 Septemba 2022, California ikiwa kwenye matumizi ya juu kuliko yote katika historia yake, megawati 52,061, serikali ilituma ujumbe mfupi kwenye mamilioni ya simu saa kumi na mbili kasorobo jioni: zimeni vitu msivyohitaji. Ndani ya nusu saa matumizi yalishuka kwa zaidi ya megawati 2,000, sawa na vinu viwili vikubwa vya nyuklia, na mwendeshaji wa gridi hakulazimika kuagiza umeme ukatwe kwa zamu usiku ule. Ufaransa imekuwa ikifanya kazi hiyo kwa utulivu tangu miaka ya 1960: bei ya usiku ni nafuu, na hita za maji huwashwa zenyewe watu wakiwa wamelala. Gari la umeme linaweza kupangwa vivyo hivyo. Hii ndiyo megawati nafuu kuliko zote, mradi asiyeweza kuahirisha matumizi, mgonjwa wa mashine ya oksijeni au mwenye mtoto mchanga, asiadhibiwe kwa bei ya jioni.

Kwa hiyo uchague nini?

Mwenye mabwawa na jua: sola kwa wingi, mchana bwawa lipumzike. Usijenge bwawa lingine kwenye mto uleule ukidhani umetawanya hatari. Ukame mmoja utayakuta yote.

Mwenye jua bila mabwawa, na saa yake ngumu ikiwa jioni ya joto: sola na betri za saa 4, na mitambo ya gesi iliyopo itunzwe, isiongezwe bila hesabu.

Mwenye baridi ndefu na jua hafifu: upepo, nyaya nene kwa majirani, na nyuklia ikiwa tu anaweza kujitolea kujenga vinu kadhaa vya aina moja mfululizo. Vinu alivyonavyo na vinavyofanya kazi kwa usalama avitunze. Ujerumani ilizima 3 vya mwisho Aprili 2023 huku makaa yakiwa bado yanawaka, na kwangu mpangilio huo ulikuwa wa kinyume.

Mwenye jotoardhi: achimbe.

Asiye na gridi imara kabisa, ambaye transfoma hulipuka kila mvua na sehemu kubwa ya umeme hupotea njiani: fedha za kwanza ziende kwenye nyaya, mita na transfoma, na vijiji vya mbali vipewe gridi ndogo za sola na betri badala ya kusubiri nguzo kwa miaka 20.

Na kwa mradi wowote utakaoletwa mezani, wa chanzo chochote, omba kuonyeshwa chati moja: uzalishaji wake kwa kila saa kati ya saa 24 za siku mbaya kuliko zote katika miaka kumi iliyopita, ikiwa imewekwa juu ya matumizi ya siku hiyohiyo. Asiyekuwa nayo, arudi akaitengeneze kabla ya kuzungumzia bei.